Nilianza na Stoo ya Vifaa

Karatasi ya ada ya chuo cha filamu ina tabia yake. Inataja ada ya masomo, ya usajili, ya mitihani na ya maktaba, kisha inanyamaza. Haisemi nani atanunua diski za kuhifadhia kazi. Haisemi nani atawalisha wenzako watakaoshinda wakishika taa na maikrofoni kwa ajili ya filamu yako ya kuhitimu, wala nani atalipa lenzi ikidondoka. Nilipokuwa natafuta shahada ya filamu na upigaji picha kwa uwezo wa familia yetu, niliamua kwa yale ambayo karatasi hizo hazikuyaandika na ilinibidi nikayaulizie mwenyewe.

Mama hakunikataza kusomea picha. Aliuliza swali moja, la mtu aliyezoea kupanga matumizi: "Mwanangu, hicho chuo kitakupa nini ambacho huwezi kukipata bila wao?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikachukua daftari, nikagawa ukurasa pande mbili: huku yale ninayoweza kujifunza mwenyewe, kule yale nisiyoyaweza hata nikijifungia ndani mwaka mzima.

Upande wa kwanza ulijaa upesi. Uhusiano wa upenyo wa lenzi (namba ya f: ikipungua, upenyo unapanuka), kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kwa sehemu ya sekunde) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hauhitaji mhadhiri. Unahitaji kamera yoyote inayokubali kupangwa kwa mkono, na subira. Ukifungua upenyo kutoka f/4 hadi f/2.8, mwanga unaoingia unakuwa maradufu. Ukiongeza kasi ya shata kutoka 1/100 hadi 1/200, unapungua nusu, na picha inarudi kwenye mwanga uleule, ila sasa mandhari ya nyuma imezidi kufifia na mwendo umeganda zaidi. Mtu akilirudia zoezi hilo dirishani kwake kwa majuma machache atalielewa kuliko aliyelisikia mara moja kwenye ukumbi uliojaa. Hali kadhalika kanuni ya mwanga na umbali: isogeze taa iwe mbali mara mbili na uso wa mtu, na uso huo utabaki na robo ya mwanga. Taa ya mezani inatosha kukuonyesha hilo. Uhariri nao ulikaa upande huohuo. DaVinci Resolve ina toleo la bure linaloweza kukata filamu fupi, kusawazisha rangi na kuchanganya sauti, na atakayelimaliza toleo hilo kabla hajaona haja ya kununua lingine ni mtu mwenye bidii kweli.

Hapa ndipo watu hupenda kuwataja waliofanikiwa bila chuo. Gordon Parks alijifundisha upigaji picha mwenyewe kwa kamera aliyoinunua kwenye duka la rehani, akaja kuwa mpigapicha wa jarida la Life, na mwaka 1969 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuongoza filamu ya studio kubwa ya Hollywood. Stanley Kubrick aliliuzia jarida la Look picha yake mwaka 1945 akiwa bado kijana wa sekondari, na chuo cha filamu hakukisoma. Wote wawili nawaheshimu, lakini sipendi wanavyotumiwa. Kubrick aliajiriwa na jarida lile: akapewa mikanda, akapewa wahariri wa picha waliokuwa wakikataa kazi mbovu, akapewa kazi baada ya kazi kwa miaka. Kile kilikuwa chuo, tena chuo kinachomlipa mwanafunzi. Nani kati yetu anapata nafasi kama hiyo akiwa na umri ule?

Kwa hiyo upande wa pili wa daftari langu ulikuwa mfupi, lakini ndio uliokuwa na uzito. Niliandika: watu. Picha mnato unaweza kuipiga peke yako, ukaisafisha peke yako, ukaiuza peke yako. Filamu haiendi hivyo. Lazima awepo mtu wa kushika fimbo ya maikrofoni juu ya kichwa cha mwigizaji kwa dakika saba bila kuingiza kivuli kwenye fremu, mwingine wa kufuata fokasi ili mwigizaji asionekane kwa ukungu, na mwingine wa kukumbuka kwamba kikombe kilikuwa mkono wa kushoto kabla hamjabadilisha pembe ya kamera. Chini yake nikaandika vifaa, hasa taa na vya sauti, ambavyo ni ghali kuliko mtu anavyodhani. Kisha muda wa kuvitumia. Mwisho nikaandika: mtu wa kuniambia ukweli. Ndugu na marafiki hawataweza kukwambia kwamba dakika nne za mwanzo za filamu yako hazina kazi. Wanakupenda mno.

Nikapata kipimo. Ada nitakayolipa inunue upande huo wa pili. Chuo kitakachotumia mihula miwili kunifundisha vitufe vya kamera nitakuwa nimekilipa kwa kitu nilichonacho tayari.

Vyuo vilivyobaki mezani vilikuwa vitatu. Kimoja cha binafsi, chenye kitabu cha matangazo cha karatasi nzito na ada inayokaribia mara nne ya cha umma. Cha pili chuo kikuu cha umma, ambako filamu na picha zilikuwa zimebanwa ndani ya idara ya sanaa pamoja na uchoraji na muziki. Cha tatu chuo cha ufundi kinachotoa stashahada ya miaka miwili. Vyote vitatu vilikuwa na ithibati, na hilo nilihakiki kwa mamlaka ya elimu ya juu yenyewe badala ya kuamini nembo iliyochapwa chini ya tangazo. Cheti kisicho na ithibati kinaweza kukufungia mlango wa mkopo, wa ufadhili na wa shahada ya uzamili kwa mpigo mmoja, na mara nyingi unakuja kulijua siku unayokihitaji.

Kila nilikokwenda niliomba kuona stoo ya vifaa kabla ya kuonana na mtu wa udahili. Watu wa udahili kazi yao ni kukupokea. Mtunza stoo kazi yake ni kujua kamera gani haipo na nani anayo.

Kwenye chuo cha binafsi kamera ya sinema ilikuwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Nzuri kweli, na haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Niliuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaishika lini. Nikajibiwa kwamba ni mwaka wa tatu, chini ya usimamizi. Studio ya sauti ilikuwepo, imefunikwa sponji ukutani, lakini vinasa sauti vya kubeba nje, vile ambavyo filamu ya mwanafunzi inavihitaji kila siku, vilikuwa viwili kwa chuo kizima.

Kwenye chuo cha umma stoo ilikuwa chini, nafasi isiyo na dirisha. Mtunza stoo alikuwa mzee mmoja mwenye daftari kubwa la mistari. Nilimwomba anionyeshe kurasa za mwezi uliopita na hakuona ajabu. Alisema ni wachache wanaoomba. Daftari lile lilinifundisha mengi kuliko vitabu vyote vya matangazo. Kulikuwa na jina la aliyechukua, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, na safu ya mwisho ya madhara: "kifuniko cha lenzi kimepotea", "betri haikai chaji", "stendi imevunjika mguu". Kamera zenyewe zilikuwa za kawaida, matoleo ya miaka kadhaa nyuma, zimechubuka pembeni mpaka rangi nyeusi imetoka. Michubuko ile niliifurahia. Ilimaanisha zinatoka nje. Na daftari lilionyesha kwamba majina mengi yalikuwa ya mwaka wa kwanza na wa pili.

Hesabu ya stoo ni rahisi na kila anayetafuta chuo anaweza kuifanya amesimama palepale. Chukua darasa la watu 60 lenye kamera 12: wakigawanywa watano watano ni makundi 12, kila kundi lina kamera yake. Sasa chukua darasa la watu 40, dogo zaidi na la kuvutia zaidi kwenye tangazo, lenye kamera mbili nzuri sana. Ni makundi manane. Kila kamera ikiazimwa juma zima, kundi moja linapata zamu kila juma la nne. Muhula wa majuma 15 unawapa zamu tatu au nne, na ndani ya kundi mko watano mnaotaka kuongoza. Kuna atakayemaliza muhula hajaongoza kitu. Ukigawa ada ya muhula kwa saa ambazo mkono wako umeshika kifaa, chuo cha "bei nafuu" na chuo cha "bei ghali" vinaweza kubadilishana nafasi. Kwangu havikubadilishana, pengo likaongezeka tu, lakini rafiki yangu mmoja aliyefanya hesabu hiyohiyo aliona chuo cha binafsi alichokuwa akikitazama kinamstahili, maana kilikuwa kikiacha stoo wazi hadi usiku na mwisho wa juma. Saa za kufungwa ni sehemu ya bei.

Kuhusu gharama ya filamu ya kuhitimu niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho, si ofisi. Niliwakuta nje ya chumba cha uhariri, na walifurahi kulalamika. Ndipo nilipoelewa kwamba kwenye fani hii mwaka wa mwisho ndio wenye gharama, wakati ufadhili mwingi na akiba nyingi za familia hupangwa kana kwamba miaka yote inalingana. Kuna usafiri wa watu na taa, chakula cha siku za kurekodi, amana ya mahali, nauli za waigizaji hata wanapojitolea bila malipo, na bima pale chuo kinapoidai.

Halafu kuna diski. Miaka ya mikanda, mzigo wa mwanafunzi ulikuwa mkanda wenyewe: roli ya futi 1,000 ya milimita 35, kwa fremu 24 kwa sekunde, inakwisha ndani ya dakika 11 hivi, na ya futi 400 ya milimita 16 muda uleule. Unanunua, unalipia kusafisha, kisha unalipia kunakili. Kamera za dijitali zilituondolea mkanda, lakini data nayo inataka pa kukaa. Kamera inayorekodi 4K, yaani video ya ubora wa juu, kwa megabiti 400 kwa sekunde inakula gigabaiti 3 kwa dakika, yaani 180 kwa saa. Filamu ya dakika 10, ukirekodi mara nane ya urefu wake, na hapo una nidhamu, ni dakika 80 na gigabaiti 240. Usalama unadai nakala tatu, mbili kwenye diski tofauti na moja nje ya jengo. Umefika 720 kabla hujahariri. Niliuliza kila chuo: seva ya kuhifadhi kazi za wanafunzi ipo, na inafuta baada ya muda gani? Cha umma kilikuwa na seva kongwe iliyokuwa ikifutwa mwisho wa kila mwaka. Nikaweka diski kwenye bajeti yangu.

Upande wa picha mnato una mambo yake, na kwa kweli haya niliyapitia haraka. Kama chuo bado kina chumba cha giza cha kusafishia picha za mkanda, ulizia nani ananunua karatasi na dawa. Mara nyingi ni mwanafunzi. Kama kinadai kila mmoja aje na kamera na kompyuta ya aina fulani, idai orodha hiyo kabla ya kulipa chochote, uongeze bei yake kwenye ada. Kamera iliyokwishatumika na lenzi moja ya milimita 50 vilinivusha mwaka wa kwanza wote.

Swali ambalo lilinisumbua zaidi ni kama kuunganisha filamu na picha kwenye shahada moja kunapunguza gharama au kunakupa nusu mbili. Fani hizi zina msingi mmoja wa mwanga na lenzi, kisha zinaachana mahali ambapo mgeni hapategemei. Aliyezoea picha mnato huchagua kasi ya shata apendavyo. Akigeukia video ya fremu 24 anakuta amefungwa karibu na 1/50, kwa sababu kasi kubwa zaidi hufanya mwendo uonekane wa kukatika-katika. Kwenye jua kali, ISO 100, mwanga sahihi wa 1/100 ni f/16. Anataka f/2.8 ili mandhari ififie, na shata iko 1/50: amezidisha mwanga hatua sita, kila hatua ikiwa maradufu, yaani mara 64. Lazima awe na filta ya ND, kioo cheusi kinachopunguza mwanga, mbele ya lenzi. Hilo ni jambo la alasiri moja. Kinachochukua miaka ni sauti, mswada wa filamu, kuongoza waigizaji na mantiki ya kukata. Na kwa upande wa pili uchapaji, uhifadhi wa picha, sheria ya kuwapiga watu picha, na namna ya kupanga picha ishirini zisimulie jambo moja bila mtu kusema neno.

Nilichofanya ni kusoma mtaala neno kwa neno na kuhesabu ni kozi ngapi zinataja sauti na mswada. Shahada inayojiita ya filamu yenye kozi moja ya sauti, tena ya hiari, ni shahada ya picha iliyovalishwa koti. Mtaala wa chuo cha umma ulikuwa na sauti mihula mitatu. Wa binafsi ulikuwa na kozi nyingi zenye majina marefu kuhusu chapa na mitandao. Nikaamua hivi: ada ilipie filamu, maana inahitaji watu, picha nitazifuata kwa kozi chache za chuo na kwa miguu yangu.

Kabla ya kuamua nilitazama pia nje, maana kuna uvumi usiokufa kwamba ng'ambo mtu anasoma filamu bure. Uvumi huo una ukweli wenye masharti. Vyuo vya umma vya Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi ada ya masomo, na hii ni pamoja na chuo kikuu cha filamu cha Babelsberg kilichoanzishwa mwaka 1954. Lakini jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Katika Jamhuri ya Cheki, masomo ya chuo cha umma kwa lugha ya Kicheki hayana ada hata kwa mgeni, na FAMU, shule ya filamu ya Prague iliyoanza mwaka 1946, ni ya umma. Ukitaka programu ya Kiingereza, unalipa, na si kidogo. Nchi za kaskazini zilizokuwa zikitajwa sana zimefunga mlango mmoja baada ya mwingine kwa watu wa nje ya Ulaya: Uswidi ilianza kutoza mwaka 2011, Finlandi mwaka 2017, Norwe mwaka 2023. Mtu akikupa ushauri wa ng'ambo, muulize ni wa mwaka gani.

Na ada ikiwa sifuri bado kuna chumba cha kuishi, bima ya afya, viza inayodai uonyeshe fedha benki, na mwaka wa kujifunza lugha. Vyuo hivyo vya filamu pia huchukua watu wachache mno kwa kila fani, kwa mtihani wenye mkusanyiko wa kazi, mazoezi na usaili. Nilihesabu, nikaona kwangu njia hiyo ni ya shahada ya pili, nikiwa na kazi za kuonyesha. Kwa aliye na lugha tayari, ningesema ajaribu bila kusita.

Chuo cha ufundi nusura kinichukue. Stashahada ya miaka miwili, gharama ndogo, kisha unahamia chuo kikuu mwaka wa pili au wa tatu. Mpango huu ukifanya kazi ndio nafuu kuliko yote. Tatizo ni kuhamisha kozi. Mkuu wa idara aliniambia kwamba wahitimu wao "huwa wanapokelewa". Niliomba barua ya makubaliano kati ya vyuo viwili inayotaja kozi kwa majina. Haikuwepo. Mwenzangu mmoja alikwenda hivyohivyo, na alipofika chuo kikuu walimtambulia chini ya nusu ya kozi alizosoma, akaanza karibu upya. Mwingine, kwenye chuo kingine chenye barua hiyo, alimaliza shahada kwa karibu nusu ya gharama yangu. Njia ni ileile, karatasi ndiyo iliyowatenganisha.

Mkopo tuliujadili nyumbani usiku kucha. Mjomba, ambaye ana moyo wa kutoa lakini hapendi kuzungushwa, aliuliza: "Ukikaa miezi mitatu bila kazi, nani atalipa?" Swali lile lilikuwa la haki, kwa sababu watu wa filamu na picha wengi hawana mshahara wa kila mwezi. Wanalipwa kwa kazi, na kazi huja kwa msimu, na malipo huja baada ya kazi, wakati mwingine baada ya sana. Mkopo hauna msimu. Riba ya asilimia 10 inayojilimbikiza kwa miaka minne ya masomo bila kulipwa inageuza deni la 100 kuwa 146. Nilipopanga bajeti sikutumia kipato cha wastani cha wahitimu, ambacho vyuo hupenda kukitaja, bali mwezi mbaya: mwezi wenye kazi moja ya harusi na marekebisho yasiyolipwa. Kama marejesho hayaingii kwenye mwezi huo, mkopo ni mkubwa mno. Kwa chuo cha binafsi hayakuingia hata kwa kulazimisha. Kwa cha umma tulikopa sehemu ndogo, na tuliiacha kwa makusudi mpaka mwaka wa mwisho, mwaka wa diski na chakula cha wenzangu.

Jambo moja ambalo karibu nisilisome ni mkataba wa haki miliki. Vyuo vingine hushikilia haki ya filamu ya mwanafunzi iliyotengenezwa kwa vifaa vyao. Vingine humwachia mwanafunzi na kudai tu ruhusa ya kuionyesha. Ni halali, mradi umekubali kwa macho wazi. Lakini kwa mtu asiye na fedha, filamu ya kuhitimu ndiyo mtaji wake: ndiyo anayoipeleka kwenye matamasha, ndiyo anayoombea ufadhili wa inayofuata. Kuna mhitimu niliyezungumza naye ambaye ilibidi aombe kibali cha maandishi kila alipotaka kuionyesha kazi yake mwenyewe. Chuo cha umma kiliniachia haki. Nikaiandika kwenye daftari kama punguzo la ada, na bado naamini ilikuwa hivyo.

Basi nikaenda cha umma. Sikupata pepo. Chumba cha kusawazisha rangi kilikuwa na skrini ambayo rangi zake haziaminiki, tukawa tunakagua kazi kwenye televisheni ya mwenzetu. Kuna mhadhiri aliyekuwa akikosa vipindi zaidi ya anavyohudhuria, na kozi yake tulijifundisha wenyewe kwa zamu. Darasa la mswada lilikuwa na watu wengi mno kwa mwalimu mmoja kusoma rasimu zote, kwa hiyo tulisomeana, kwa ukali ambao mwalimu asingethubutu. Taa mbili zilizoandikwa kwenye orodha ya stoo hazikuwahi kuwaka katika muda wangu wote pale.

Lakini niliishika kamera tangu mwezi wa kwanza. Nilishika fimbo ya maikrofoni kwenye filamu za watu wengine mpaka mabega yakazoea, na huko ndiko nilikojua kwamba sauti mbaya huua filamu kabla picha mbaya haijaiua. Mwalimu wa uhariri, mwanamama mpole wa maneno machache, alikuwa akitazama kazi yako mpaka mwisho, kisha anauliza: "Mwanangu, unaipenda shoti hii kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu ilikuchosha kuipata?" Hakuna mafunzo ya video yanayokuuliza hivyo. Na darasa lile la makundi ya watano watano ndilo linaloniita kazini hadi leo: mmoja ni mtayarishaji, mmoja anarekodi sauti, mmoja alihamia picha za habari na huniachia kazi zinazomgongana. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa sikuipata kwa cheti, niliipata kwa sababu mtu wa kushika fokasi aliugua na mwenzangu wa kundi akalitaja jina langu.

Sasa binamu yangu anatafuta chuo cha fani hiihii, na amenitumia mitaala miwili. Wa kwanza ni wa chuo chenye majengo mapya, na humo sauti ni kozi ya hiari. Wa pili ni wa chuo cha ufundi chenye barua ya makubaliano, ila barua hiyo ilisainiwa kabla mtaala wao haujabadilishwa, na kozi mbili zilizotajwa humo hazipo tena kwenye mtaala mpya. Nimemwambia aombe barua iliyohuishwa, aitazame kozi kwa kozi, na aende akalione daftari la stoo siku ya Jumatatu asubuhi, vifaa vinaporudi. Ada ya kushikilia nafasi asiilipe kwanza. Tarehe ya mwisho bado haijafika.